Ushuru wa Karanga

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, khanga mbili za mke wangu, na ombi moja: niwaandikie kumbukumbu zangu za kazi, kurasa chache tu, mziweke kwenye faili la wageni wapya pale chumba cha seva. Nilikubali mbele ya watu. Kisha nikakaa miezi mitano bila kuandika hata mstari. Mke wangu alidhani ni uvivu wa kustaafu. Haukuwa uvivu. Kila nilipoishika kalamu nilijua kuna jambo moja litataka kutoka, nami nilikuwa nalitafutia mahali pa kulificha. Nimechoka kutafuta. Basi someni, ya mwanzo ni mepesi.

Mimi ni mtu wa Kwihara. Wageni wanaokuja kuangalia tembe la yule Mzungu mpelelezi wa zamani hupita mbele ya nyumba ya babu yangu bila kugeuza shingo, na babu naye hakuwahi kugeuza yake kuwatazama wao, kwa hiyo hatudaiani. Kazi niliianzia kwenye mitambo ya simu hapa Tabora mjini, enzi za simu za mezani za kuzungusha namba kwa kidole. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikasimama navyo kutwa nzima kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae.

Fundi mkuu aliitwa Mzee Mihambo, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa bisibisi na tochi, halafu akanikataza kugusa chochote kwa wiki mbili. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Chumba kile kilijaa vidude vinavyogongagonga kila mtu alipopiga simu, na Mihambo alitaka nijue kwa sikio ni safu ipi inaumwa kabla ya kuiangalia kwa macho. Nilidhani ananidharau. Wiki ya tatu nikaisikia safu ya nne inakohoa, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa tu. Sijapata tena sifa iliyonifurahisha kiasi kile.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Kabla hujagusa mtambo, unaandika: unataka kufanya nini, nani kakutuma, saa ngapi. Mkono ufuate kalamu, alisema, usitangulie. Mwezi wa tatu mkono wangu ukatangulia. Nilivuta waya usio wenyewe, nusu ya mji ikakosa simu tangu asubuhi hadi alasiri, na mkubwa wa ofisi akashuka ngazi akitaka kujua ni nani huyo. Mzee Mihambo hakuinua hata kichwa. "Nilimwagiza mimi," akasema. Hakuwa ameniagiza. Mkubwa alipoondoka, Mzee alinisogezea daftari, akaniambia niandike. Niliandika kwamba nimevuta waya usio wenyewe na hakuna aliyenituma. Akasoma, akalifunga, na habari ile hakuirudia tena mpaka anakufa.

Hilo daftari sijui liliishia wapi. Nadhani mchwa wamelisoma.

Vyeo naviruka. Anayevitaka vimetundikwa ukutani pale mapokezi, na picha yangu nikiwa na nywele. Simu za mezani zilikufa taratibu, kompyuta zikaja, nikapelekwa kozi hii na ile, nikajikuta mtu mzima ninayefundishwa na vijana wa rika la wanangu. Sikuona vibaya. Mtambo ni mtambo. Ukiujua mmoja kwa dhati, wa pili unakuonea haya kidogo.

Mnajua kituo chetu kinafanya nini, lakini mgeni mpya huenda hajui, kwa hiyo naeleza. Tunatunza mifumo ya zahanati: kadi za kliniki, majibu ya vipimo, maombi ya dawa. Zamani vyote vilikaa kwenye seva moja kubwa, na ikipiga chafya, mkoa mzima unashikwa homa. Ndipo tukahamia klasta, yaani kundi la seva zinazosaidiana. Programu zikafungwa ndani ya kontena, kila moja na vitu vyake vyote, na kontena hizo zikagawanywa kwenye seva kumi na mbili. Hizo kumi na mbili tukaziita wapagazi, maana kazi yao ni kubeba. Juu yao zikawekwa seva tatu zisizobeba chochote. Zenyewe hupanga nani abebe nini, na mpagazi akianguka humpa mwenzake mzigo wake. Hizo tukaziita manyapara. Mnyamwezi hana haja ya kueleweshwa kazi ya nyapara. Babu zetu walitembea nao hadi pwani na kurudi.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Manyapara wale watatu wanatumia daftari moja, kila mmoja ana nakala yake, na hakuna linaloandikwa mpaka wawili kati ya watatu wakubaliane. Mmoja akiugua, wawili waliobaki wanaendelea. Wawili wakianguka, yule wa mwisho ananyamaza. Mzima wa afya, daftari analo, lakini hatoi amri, kwa kuwa hana wa kukubaliana naye. Vijana wengi huona ni ujinga wa mashine. Mimi naona ni adabu. Afadhali nyapara anyamaze kuliko aamue peke yake kwa makosa.

Sechelela alikuja wakati klasta ina mwaka mmoja. Fundi aliyekamilika, si mwanafunzi. Alikuwa amefanya kazi Dodoma miaka sita na alikuja kwa mkataba wa miaka miwili miwili. Aliponitajia jina lake tu nikamuuliza kama ni Mgogo, akasema ndiyo, akaniuliza na mimi kama ni Mnyamwezi, nikasema ndiyo, akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Basi hapa nimefika kwa watumwa wangu," akasema. Ofisi nzima ilicheka. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara. Wapagazi wetu walikuwa hawana budi kupita Ugogo, na Ugogo hakupitwi bure: ulilipa ushuru wa njia au ulilala na kiu. Waligombana, wakapatana, na kilichobaki ni matusi matamu tunayorithishana.

Tangu siku hiyo hakuwahi kuniamkia. Ninyi nyote mlinipa shikamoo kila asubuhi, yeye alinipa, "Mnyamwezi, hujafa tu?" Meza yake ilikuwa mbele ya mlango wa chumba cha seva, na hilo akalifanya mtaji. Nikitaka kupita ananyoosha mguu: hii ni nchi ya Wagogo, lipa. Nikaanza kutembea na karanga mfukoni. Kila asubuhi namwekea konzi moja mezani, ananiruhusu, anasema ni chache, nami namwambia mtu aliyekulia mlenda anajuaje ladha ya karanga. Miaka mitatu na nusu tulikwenda hivyo. Sijawahi kufanya kazi na mtu kwa furaha kama ile, na nasema hivyo nikiwa nimefanya kazi na Mzee Mihambo.

Ila kulikuwa na jambo sikulielewa wakati ule, na mzee mzima nalielewa leo. Mimi nilikuwa mkuu wake na umri wa baba yake. Kijana wa kike hamwambii mzee wa namna hiyo usoni kwamba amekosea. Kwenu ninyi wengine mdomo ulifungwa na heshima. Yeye alikuwa na mlango mmoja wa kuniambia ukweli, nao ni utani, na aliutumia kila siku. Nikipanga kazi ovyo, aliniambia ndiyo maana misafara yetu ilipotelea porini. Nilicheka, kisha nikarekebisha nikidhani nimeliona mwenyewe.

Nyapara wa tatu alianza kuugua kabla ya masika. Diski yake ilikuwa nzito, anajibu kwa kuchelewa, anakosa vikao vya wenzake. Nilimtoa kwenye zamu nikaandika barua ya kuomba diski mpya, nikaambiwa ipo njiani. Tangu enzi za misafara hapa Tabora vitu viko njiani. Ningeweza kuchukua seva moja ya wapagazi nikaigeuza nyapara. Ni kazi ya mchana mmoja. Sikufanya. Wawili walikuwa wanatosha, na mimi nilikuwa nahesabu miezi ya kustaafu kama mtoto anayehesabu siku za likizo.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Kila Ijumaa niliagiza mashine inakili daftari la manyapara, nakala ya akiba, na nakala hizo nilikuwa nimezielekeza tangu zamani kwenye diski ya nyapara wa tatu, kwa kuwa ilikuwa na nafasi. Alipougua sikuzihamisha. Wala sikuwahi kuifungua hata moja nione kama inasomeka.

Sechelela aliona. Ilikuwa asubuhi, nimeshika karanga mkononi, akanyoosha mguu kama kawaida lakini hakuzitazama. "Mnyamwezi," akasema, "nyapara wako mmoja amelala, wa pili anasinzia, na chakula cha akiba umekificha tumboni mwa aliyelala. Huu msiba tutakula wali siku ngapi?" Mlikuwepo baadhi yenu. Mlicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia Mgogo akinusa msiba anaona pilau tu. Akautoa mguu, nikapita. Karanga nilimwekea mezani, na jioni nilizikuta pale pale.

Nilipaswa kujiuliza kwa nini hakuzila.

Ilipita kama wiki mbili. Jumamosi moja nilikuwa nyumbani kwangu Kitete nimekaa na wakwe watarajiwa, wamekuja na posa ya binti yangu, nimevaa suti, mshenga anazunguka maneno kama mshenga. Saa nne simu ikaita. Sechelela alikuwa zamu. Akasema nyapara wa pili anachelewa kujibu, diski imejaa kumbukumbu za mfumo. Ningekuwa na akili zangu ningemwambia afute zile za zamani kwanza, taratibu, asiguse kingine. Lakini wageni walikuwa wananitazama, na nilitaka waone mtu wa kazi. Nikasema amzime amwashe upya.

"Huyu si redio," akasema. "Unataka nimzike akiwa hai?"

Nikacheka kwa sauti ili wakwe wasikie jinsi ninavyoheshimiwa kazini, nikamwambia afanye alivyoambiwa, mlenda atakula baadaye.  Akasema, haya. Hakuna aliyeandika kitu. Mimi niliyewafundisha nyote kuandika kabla ya kugusa, nilitoa amri kwa mdomo katikati ya posa.

Nyapara wa pili hakuamka. Alizimwa akiwa katikati ya kuandika, na nakala yake ya daftari ikavunjika. Wa kwanza akabaki peke yake, akanyamaza.

Jambo la hatari ni kwamba mwanzoni hakuna anayeona kitu. Wapagazi wanaendelea kubeba walichoagizwa mwisho. Zahanati zinafanya kazi, simu haziiti, unaweza hata kwenda kunywa chai. Saa sita umeme ukacheza, mpagazi mmoja akaanguka, na mzigo wake ulikuwa ule mfumo wa majibu ya vipimo. Kwa kawaida nyapara humpa mwenzake ndani ya dakika chache. Safari hii hapakuwa na nyapara wa kusema. Mzigo ukabaki chini, na simu zikaanza kutoka zahanati moja baada ya nyingine.

Nilifika na suti yangu. Saa nzima ya kwanza nilifanya yote niliyowakataza: nikawasha, nikazima, nikajaribu hiki kabla sijamaliza kile. Kisha nikakumbuka akiba. Diski ya nyapara wa tatu ilikuwa imeacha kupokea chochote tangu zamani. Kila Ijumaa mashine iliandika kwamba imeshindwa, mahali ambapo hakuna aliyesoma. Nakala iliyosomeka ilikuwa ya miezi minne nyuma. Na mimi, kwa hofu, nikataka kuimwaga juu ya nyapara wa kwanza, yule mzima, aliyekuwa na daftari la leo. Sechelela alinishika kifundo cha mkono. "Nakili kwanza la huyu," akasema. "Ukilifuta hili hatuna lingine." Hakunitania. Tukanakili, tukahakikisha nakala inafunguka, ndipo tukamwambia nyapara wa kwanza kwa amri maalumu kwamba kuanzia sasa yuko peke yake na aamue peke yake. Kisha tukamjengea wenzake wawili kutoka kwa wapagazi, mmoja mmoja, tukingoja kila mmoja amalize kulinakili daftari kabla ya kuita mwingine. Tulikosea nyaya za mtandao, tukarudia. Jumatatu mchana mifumo yote ikawa inafanya kazi tena.

Shikeni hili hata mkisahau mengine. Kundi la watatu likimpoteza mmoja hamjapoteza theluthi. Mmepoteza nafasi ya kukosea.

Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, na sitaki kujipongeza kwa hilo. Lakini muuguzi mmoja alinisimulia kwa simu, bila hasira, kwamba mama mmoja alikuwa ametoka upande wa Ulyankulu na mtoto mgongoni kufuata majibu, hayakuonekana, mtoto akachomwa sindano upya, na mama akaambiwa arudi wiki inayofuata. Muuguzi alisema mama yule hakulalamika, aliuliza tu kama majibu ya kwanza yalikuwa mabaya ndiyo maana yamefichwa. Hilo swali ninalo mpaka leo.

Kamati ilikuja kutoka makao makuu, watu watatu, wapole, wana chai yao kwenye chupa. Tulikaa nao chumba cha mikutano, mimi upande huu, Sechelela upande ule. Kumbukumbu za mashine zilionyesha jina la mtu aliyemzima nyapara wa pili, na jina lilikuwa la Sechelela. Wakaniuliza kama nilimwagiza. Nikasema tulizungumza kwa simu, nilikuwa na wageni, sikumbuki vizuri kama nilisema azime. Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka harufu ya maandazi ya mshenga.

Wakauliza kama kuna mtu aliyewahi kutahadharisha kuhusu nakala za akiba. Nikasema hapana.

Mwenyekiti akamgeukia Sechelela, akamuuliza kama alimwonya mkuu wake. Akanitazama. Alinitazama muda mrefu kidogo, si kwa hasira, ni kama mtu anayekupisha mlangoni. Nilichotakiwa ni kusema neno moja tu. Nilitazama kalamu yangu.

"Ni mtani wangu," akasema. "Tulikuwa tunataniana."

Nanyi mnajua sheria ya mambo haya. Neno la utani halipelekwi kwa hakimu. Mtani akikutukana humshitaki, naye hawezi kuligeuza tusi lake kuwa ushahidi. Yeye aliishika sheria hiyo mbele ya kamati, ingawa ilikuwa inamnyang'anya kazi. Mimi nilijificha nyuma yake. Mzee Mihambo alidanganya ili kosa langu liwe lake. Mimi sikuhitaji hata kudanganya sana. Nilinyamaza tu, kosa langu likatembea lenyewe hadi upande wa pili wa meza.

Taarifa ilisema fundi wa zamu alizima seva bila maelekezo ya maandishi. Kila neno lilikuwa kweli. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Nilikuwa nimebakiza miezi minane, na nawaambia bila kujitetea nilichokuwa nalinda: hiyo saa ya ukutani. Nilitaka kuagwa kwa hotuba. Nilitaka nitoke na jina safi kama siku niliyoajiriwa. Siku anaondoka alipita kwenye mlango wangu na sanduku lake la vitu, nikasimama nikamwambia tutaonana. Akasema sawa. Kwenye hotuba zenu mlinisifu kwa kupenda watu wangu, na nilishika maiki nikashukuru.

Mwezi wa tatu wa kustaafu kwangu kaka yangu mkubwa, Mlekwa, alifariki. Alikuwa mrina asali, na mlimjua kwa koti lake la kijivu alilovaa hata juani, na jinsi alivyokuwa bahili wa ugoro. Tulimzika Kwihara. Siku ya mazishi, watu wamejaa, wanawake wanalia, nikasikia kicheko uani. Sechelela alikuwa amekuja. Amekuja kama mtani anavyotakiwa kuja, na hakuna aliyemwita.

Alifanya yote. Alilivaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, bega moja chini, akawapitia waombolezaji akiwanusisha kopo la ugoro kisha analirudisha mfukoni kabla hawajachota. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Jeneza lilipoinuliwa alilala chali njiani, akasema mrina asali huyu alimng'ata yeye kuliko nyuki wake, hapiti mpaka apewe kuku. Akapewa kuku. Mjane, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alicheka mpaka akashikwa, na baada ya hapo akakubali uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na sijaona aliyeifanya vizuri zaidi.

Nilikuwa namngoja afike kwangu. Nilikuwa nimeshaandaa kifua. Mbele ya ukoo wote, siku ambayo mtani anaruhusiwa kusema lolote, angeweza kunivua nguo: nyapara aliyemsukumia mpagazi mzigo wake, sijui nini, angechagua mwenyewe. Nilitaka aseme. Naapa nilitaka.

Alivua koti kwanza. Alilikunja, akalikabidhi kwa mjane. Kisha akaja nilipokaa, akapiga goti kidogo, akainamisha macho.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

Nikaitikia marahaba. Ningesema nini kingine? Akapita, akaenda kuwatukana wajomba zangu. Dada yangu Kalunde alikuwa kando, akaniuliza taratibu kama huyu si yule mtani wangu wa kazini, mbona ananiamkia. Nikamwambia nimezeeka.

Nilirudi Kitete nikaandika barua kwenda makao makuu. Ni ya kurasa mbili. Nimeandika kwamba niliagiza azime, kwamba nilionywa, kwamba nakala za akiba zilikuwa kosa langu, kwamba mtu aliyeliokoa daftari ndiye waliyemwondoa. Walinijibu kwa adabu: suala lilishafungwa, wananitakia mapumziko mema. Nimeambatisha nakala ya barua yangu kwenye kurasa hizi. Ofisi imelifunga, ninyi msilifunge.

Nakala nyingine nilimpelekea mwenyewe. Ana duka la stesheneri na kutengeneza simu kule Isikizya, karibu na ofisi za halmashauri. Nilimkuta amefungua simu ya mteja, ana miwani sasa. Aliniamkia, akanipa kiti. Aliisoma barua amesimama, kurasa zote mbili, kisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza akaweka kidole.

"Hapa umeandika nilisema nyapara mmoja amelala. Sikusema amelala, mzee. Nilisema amekufa. Aliyekuwa anasema amelala ni wewe."

Ni kweli. Nilipomaliza kumsikia nikakumbuka sauti yake ikisema. Hata kwenye barua ya kuungama nilikuwa nimejipunguzia. Huko juu nimeliacha neno kama nilivyoliandika kwanza, ili mlione. Nikamwambia nitarekebisha, akasema hakuna haja, akaikunja barua akaiweka kwenye droo pamoja na risiti. Akanishukuru. Hakuna ubaya wowote uliokuwa kwenye uso wake, na hilo ndilo lilinimaliza.

Mteja akaingia, nikainuka kuaga. Mlango wa duka lake uko nyuma ya meza, mwembamba, na ili nitoke ilinibidi nipite karibu na kiti chake. Nilikuwa nimekuja na karanga. Nilizitoa mfukoni, konzi moja, nikaziweka mezani mbele yake, nikasimama kungoja mguu.

"Za nini hizi, mzee?"

"Ushuru," nikasema. "Si nchi ya Wagogo hapa?"

Akatabasamu, tabasamu lile mnalowapa wazee wa watu. Akasogeza kiti chake, akabana miguu yote miwili chini ya meza ili njia iwe pana.

"Hapa hapana ushuru, mzee," akasema. "Wewe pita tu."